Mchuzi wa Papa Usiofutika

Mwalimu Thuraya wa Nizwa alikuwa na ugomvi na dada yake Huwaida wa Sur, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa mchuzi. Msicheke. Watu wazima wale wamegombana kwa imeli wiki nzima, asubuhi mmoja, jioni mwengine.

Chanzo ni Lamees, binti wa Thuraya, aliyekuwa akiolewa mji wa Mudhaibi. Mama mtu kakaa na kompyuta yake, akaandika kurasa nne za mapishi ya marehemu mama yao, vile alivyokuwa akipika kwao Unguja, ili bibi harusi aingie nayo kwake. Boko boko, mkate wa kumimina, kachori, na ukurasa wa mwisho, alioupenda kuliko yote: Mchuzi wa Papa wa Mama. Huo aliukumbuka wote, ukwaju wake, tui lake, mpaka vijiko viwili vya chumvi. Mama yao alifariki Lamees hajazaliwa. Thuraya alitaka mtoto, maadamu hakuijua sura ya bibi yake, basi angalau akijue chungu chake.

Akampelekea Huwaida, naye afurahi. Faili likarudi na kurasa tatu.

"Shikamoo dada," alimpigia simu. "Ukurasa wa papa umeupeleka wapi?"

"Marahaba. Nimeufuta. Mama hakupika papa."

"Nimeula mchuzi ule kwa kinywa changu."

"Ulikuwa na miaka minne, Thuraya. Ulikuwa ukila na udongo."

Akaurudisha ukurasa. Ukafutwa. Akaurudisha tena, mara hii kwa herufi nene. Ukafutwa na unene wake. Hapo Thuraya akapandwa na hasira kwelikweli. Huyu dada tangu utotoni kazi yake kumsahihisha, sasa anataka kumsahihishia na mama.

Nada, mwalimu mwenziwe, ndiye aliyemwambia kuna tovuti inayogeuza kurasa kuwa picha. Unaifungua, unaitia faili lako, unabonya, inakurudishia kila ukurasa na picha yake.

"Na picha," Nada akasema, "hakuna wa kukufutia neno."

Thuraya hakungoja hata chai.

Mara ya kwanza picha zilitoka ndogo kama stempu za posta. Akachagua kubwa. Kimstari cha kijani kikajikokota, kikasita, kikafika, picha nne hizo zikajipanga. Akapeleka mshale juu ya neno papa, akabonya kitufe cha kufuta. Papa kimya. Akabonya tena kwa nguvu, kwa niaba ya Huwaida. Papa yupo palepale. Alicheka peke yake mpaka mumewe, Marhun, akaja kuchungulia mlangoni.

Akazipeleka Sur na maneno mawili: "Futa sasa."

Siku ya pili yake imeli ikaja, na ndani yake picha. Huwaida kauchapa ukurasa wa papa kwenye karatasi, kaandika pembeni kwa kalamu, kisha kaupiga picha. Mwandiko wake ule ule wa kulala:

"Mama alikuwa hawezi hata harufu ya papa. Mwaka ule yeye alikuwa Wete akimuuguza bibi. Aliyekuwa akikupikia ni mimi, nina miaka kumi na miwili. Niliona haya kusema mchuzi ni wangu."

Thuraya akakaa. Mgongo ule ulioinama juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mkono ule uliompiga kofi asidokoe, kisha ukampa yeye kipande cha kwanza, maisha yake yote alijua kuwa ni vya mama. Aliona aibu, halafu akalia, na hakujua analilia nini hasa, mama aliyempungua au dada aliyemzidi.

Picha haikuwa ikisahihishika, hata na yeye mwenyewe. Akalifungua faili lake la mwanzo, akafuta Mama, akaandika: Mchuzi wa Papa wa Dada Huwaida. Hakuligeuza picha. Akalipeleka lilivyo.

"Nimeliacha wazi, dada. Litie mkono utakavyo."

Likarudi kabla ya adhuhuri. Jina halikuguswa. Palipokuwa na vijiko viwili vya chumvi pamefutwa, na badala yake pameandikwa:

"Papa mkavu ana chumvi yake. Vijiko hivyo ulikuwa ukivitia wewe nikigeuka. Nilikuwa nikikuona."