Chini ya Paa la Baba

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Hirbadaw, nyumba zilipangwa kwa mistari, milango ikitazamana. Zamani jirani alikuwa ng'ambo ya kilima. Sasa mama akiunguza mboga, watu wa mstari mzima wanajua. Tumbo langu nalo walilijua kabla ya mama.

Niliacha shule darasa la sita kwa sababu ya tumbo hilo. Kijana wa trekta aliyenipa mimba alirudi kwao Singida.

Kwetu Wairaqw, msichana ambaye hajaolewa hajifungulii kwa baba yake. Wanasema damu ya uzazi huo huua ng'ombe na watu. Anatolewa mapema, akajifiche mbali, na nyumba itakayomzalisha inatengwa. Shangazi yangu alitolewa hivyo. Hakurudi.

Baba yangu, Gregory Sulle, alikuwa katekista. Asubuhi moja Mzee Qamara, jirani yetu, alikuja akasimama nje ya uwanja, asiukanyage. Watu wakatoka milangoni kusikiliza.

"Shikamoo, mzee," baba alisema.

"Marahaba. Huyu binti anaondoka lini?"

"Haondoki."

"Utamzalisha humu? Ng'ombe wetu wanalala hapa hapa!"

"Nimewafundisha watoto wenu kwamba Mungu anatupenda hata kabla hatujatubu. Nikimtoa huyu, Jumapili nitasema nini?"

"Sema habari za Nuhu. Hizo hazina mimba."

Watu wa mstari mzima walicheka. Mama hakucheka. Alimfuata baba ndani akamshika mkono.

"Baba Ludovika, mpeleke hata Balangdalalu, kwa watu wasiotujua. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa," baba alisema. "Mtoto wetu hataelewa."

Nilitaka kusema nitakwenda mwenyewe. Lakini mimi mbele ya wakubwa huwa naangalia miguu yangu, na maneno hayatoki. Kesho yake nilifunga blanketi langu na kanga, nikatoka kabla hawajaamka. Baba alikuwa zizini, anakamua. Aliuchukua mzigo wangu bila kuniuliza, akaurudisha ndani.

"Kaa ule uji," alisema.

Siku yangu ilipofika, mkunga alikataa kuja. Mama alifanya kila kitu peke yake. Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia kidogo tu, kama mtu anayeona haya. Baba alipoona anapumua kwa shida alimbatiza mwenyewe, akamwita Pascal. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekufa. Hakuna aliyekuja kuchimba kaburi. Baba alichimba, mimi nikamsikiliza nikiwa kitandani.

Wiki ile ng'ombe wawili wa Mzee Qamara walikufa. Bwana mifugo alisema ni ugonjwa wa kupe. Nani alimsikiliza? Watu waliacha kutusalimu. Watoto waliacha kuja kwenye mafundisho ya dini. Mwishowe mama naye alifunga vitu vyake, akaenda kwa kaka zake.

"Nitarudi nyumba ikitakaswa," alimwambia baba. Mimi hakunitazama.

Jumapili baba alifungua kanisa kama kawaida. Tulikuwa wawili. Alisoma somo lote, akahubiri, akasimama pale pale alipozoea, na mimi nikakaa upande wa wanawake. Kwenye wimbo sauti yake ilikatika. Mimi sikuweza kuuendeleza.

Siku ya kulima shamba la kijiji tulipewa kipande cha pembeni, mbali na wenzetu. Walikuwa wanataniana kwa sauti. Tulipokaribia mpaka, wao walinyamaza, wakasogea.

Nilisimamisha jembe. Siku hiyo maneno yalitoka.

"Baba, ungenitoa, mama angekuwepo."

"Ndiyo."

"Na watu wangekuja kusali."

"Wangekuja."

"Na mtoto amekufa hata hivyo."

Baba aliegemea mpini wake. Alikuwa amekonda, shati lilimpwaya mabegani.

"Sikukuweka nyumbani ili mambo yawe mazuri," alisema. "Nilikuweka kwa kuwa wewe ni wangu."

"Niache niondoke sasa. Labda watakusamehe."

"Uende wapi?"

"Sijui."

"Basi lima."

Tukalima. Hakunifariji, na mimi sikulia. Upande wa pili walianza tena kucheka, na kipande chetu kilikuwa bado kirefu.