Mshenga na Mstari wa Wastani

Usiku wa jana niliota nimeshafika kwa kina binti anayetakwa na mpwa wangu Mbelwa. Mimi ndiye mshenga. Posa yenyewe ni leo saa nne, na kwa kawaida yetu mwenye kuoa hafungui mdomo. Nikinyamaza mimi, Mbelwa hana mke.

Sebuleni wamechora mstari wa chaki ukutani, usawa wa goti, umeandikwa WASTANI. Watu wote wanaelea juu yake, hata mtoto wa kunyonya. Chini ya mstari hakuna mtu. Nami naelea, tena juu kuliko wengine, na sishangai. Kwa ushenga, nani ananifikia?

"Nani anatunyanyua?" nauliza.

"Mimi," linajibu birika mezani. "Naitwa Dopamini, kemikali ya raha, nakaa kichwani mwako. Humo kuna chumba cha sifa, na hapo kwenye paji kuna ofisi ya mkaguzi. Nikimimina vizuri, wa sifa na mkaguzi hawasikilizani."

Mimi mbishi tangu utotoni. Nikaliambia liache kumimina, niujue ukweli wangu. Likaacha.

Mara tumo ndani ya paji langu, ofisi ndogo yenye feni mbovu. Mkaguzi, mama mwenye miwani, anasoma faili bila kuniangalia.

"Sauti, ya kawaida. Hekima, ya kawaida. Ule utani wako kwenye posa ya Handeni, watu walicheka kukustahi tu."

"Hata shemeji Shekiondo?"

"Huyo alikuwa anapiga chafya."

Naanza kushuka. Napita mstari, natua sakafuni, na hapo ni sebuleni tena. Mzee wa nyumba ananiuliza, "Haya mshenga, mmefuata nini kwetu?" Maneno ninayo, ila kila nikishika moja naona wapo watu elfu wa kulisema vizuri kuliko mimi. Naliachia. Wenyeji wanaanza kukusanya vikombe.

Mbelwa ananivuta kanzu, macho yamemjaa machozi. "Mjomba, sema chochote."

Roho iliniuma sana. "Birika, nakuomba," nikasema, "nimiminie. Kijana wa watu hana kosa."

"Nusu kikombe," likasema. "Kikizidi utamposa mwenyewe."

Nikapanda shibiri moja juu ya mstari, nikasema. Sijui nilisema nini, lakini mzee alicheka, na safari hii hakuna aliyepiga chafya. Binti akaitwa, akakubali. Nikalishukuru birika huku nalia, mtu mzima mimi. Miaka hamsini na miwili linaninyanyua kila asubuhi, nami nikidhani ni akili zangu.

Nikaamka saa mbili, moyo mweupe. Nikavaa kanzu, nikasimama katikati ya chumba nafunga vifungo. Mke wangu Mwanaidi alikuwa anafagia. Alipofika nilipo, akapitisha ufagio chini ya nyayo zangu mpaka ukutani, wala hakuniambia nisogee.