Uji wa Mzazi

Tangu asubuhi Elieth alikuwa jikoni akikoroga uji wa ulezi. Kijijini kwao Kilolo, mwanamke akijifungua majirani hawasubiri kuitwa: huyu anafua nepi, huyu anateka maji, huyu yuko jikoni, na usipotokea ndipo unaulizwa una kinyongo gani. Dada Rosemary wa ghorofa ya juu alikuwa ametoka hospitali jana. Katika majengo yote yale ya Adelphi, huku Marekani, ndiye pekee aliyemwita Elieth kwa jina, na Elieth alikuwa amechoka kuishi mahali ambapo hana hata mlango mmoja wa kuugonga. Leo angeupata.

Akapanda na chupa ya uji, kanga begani. "Hodi!"

Mlango ukamjibu kwa sauti ya kiume. "Nani?"

Alikuwa Fredy, mume wa Rosemary, akiongea kupitia kengele yenye kamera. Mwenyewe alikuwa kazini Falls Church, ng'ambo ya mto.

"Mimi Elieth, shemeji. Nimekuja kumhudumia mzazi."

"Umeongea naye?"

"Nitaongea naye akinifungulia."

"Shem, hapa siyo kijijini. Watu wanatuma meseji kwanza, mnapanga siku."

"Kwani mtoto naye alipanga?"

Ndani kichanga kikaanza kulia. Elieth akausogelea mlango. "Dada Rose! Fungua nikushikie mtoto, uoge, ulale."

Nyayo zikaja hadi nyuma ya mlango, zikasimama. Kitasa hakikugeuka.

"Elieth mdogo wangu," Rosemary akasema kwa sauti ya mtu aliyekesha, "nyumba ni vurugu tupu, na mimi mwenyewe sitazamiki. Nitakupigia."

"Vurugu hiyo ndiyo iliyonileta, dada!"

"Shem," kengele ikaingilia, "acha chupa hapo chini, ataichukua."

"Niache chini kama mleta piza? Uji wa mzazi unapokewa kwa mikono!"

Akangoja. Nyayo zikaondoka, na kilio kikaondoka nazo. Elieth akashuka ngazi na chupa yake, asijue amkasirikie nani: mume aliyeigeuza kengele kuwa mlinzi, au mwanamke anayeionea haya nyumba chafu mbele ya mtu aliyekuja kuisafisha.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, aliyemtumia unga ule wa ulezi.

"Enhe, umeshafika kwa mzazi? Mtoto amefanana na nani?"

"Na baba yake," Elieth akasema. "Wote wawili nimewasikia sauti tu."