Kifungua Mimba

Wadogo zake walimwita Hedimasta, naye hakuchukia. Ndiye dada yao mkubwa, kifungua mimba wa marehemu mama. Akisema kaa, unakaa. Msiba ulipokwisha, hata viti vya kukodi havijarudishwa, alikuwa ameshagawa vyumba vya nyumba. Kisha akaenda jikoni kumwambia yaya afungashe virago. Hakuwa na ubaya naye, alisema, ila mama hayupo na kazi imekwisha.

Yaya akaitikia, akaendelea kusugua sufuria.

Mama mdogo aliyasikia yote akiwa barazani. Akamvuta Hedimasta chumbani, akafunga mlango.

“Mwanangu, kifungua mimba wa dada yangu ndiye huyo unayemfukuza. Alimzaa kabla ya kuolewa. Baba yenu angejua, ndoa isingekuwepo. Akamleta hapa kama mtumishi, angalau amwone kila siku.”

Hedimasta aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote hiyo amemtuma, amemfokea, amemrushia nguo chafu. Akarudi jikoni.

“Ulikuwa unajua?”

“Nililetwa hapa nikiwa najua.”

Yaya alikausha mikono. Akamkumbusha kwamba mama alikuwa fundi cherehani, na kila gauni la Hedimasta lilijaribiwa kwanza mwilini mwake yeye Yaya. Mama alimshika kiuno, akamgeuza, akabana pini, akamgeuza tena, hata gauni likiwa limeshakaa sawa. Mpaka Hedimasta alipokuja juu kwamba havai nguo zenye jasho la yaya.

“Baada ya hapo hakunishika tena,” alisema.

Hedimasta aliikumbuka vizuri siku ile. Alisusa hadi chakula. Sasa alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaanza kusema kwamba Yaya haendi popote, kwamba hapa ni kwake, kwamba atawaambia wadogo zao leo hii hii.

Kutoka sebuleni kitinda mimba akaita, “Yaya, chai jamani.”

Yaya hakwenda. Alimtazama Hedimasta, akangoja. Neno moja tu lingetosha. Hedimasta akafumbua mdomo, akawafikiria wadogo zake, majirani, jina la mama, na ukubwa wake mwenyewe. Akainamisha uso.

“Haya,” alisema Yaya kwa upole, akainjika birika.