Majivu ya Jikoni

Jembe la Kamali lilivunja vidole viwili vya Papa Birindwa kabla hata sijajua kwamba ugomvi umeanza. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shimo, na nilifurahi. Sikufurahia vidole, nilifurahia kilichomtia Kamali wazimu.

Birindwa alikuwa mwalimu wa chuo kutoka Bukavu. Mwaka ule wa 1978 alizunguka Gikundamvura yote akichimba mashimo, akihesabu matabaka ya majivu ardhini ili ajue milima ya moto imelipuka mara ngapi. Kamali, shemeji yangu, alimruhusu kwa kutaka shamba lake liandikwe kitabuni. Pa kuchimba nilipaonyesha mimi. Mume wangu Munyaneza alipokufa, Kamali alisogeza ua wa minyaa hatua kumi ndani ya shamba langu, na hakuna aliyenisikiliza. Lakini siku baba mkwe alipogawa ardhi, majivu ya jikoni yalifukiwa mpakani yawe alama, na kapu la majivu hayo nililibeba mimi kichwani, bibi arusi wa wiki mbili. Kamali alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni.

Shimo lilipomfika kifuani, Birindwa alionyesha tabaka la kijivu miguuni pake, la mlima. Juu zaidi, karibu na ukingo, palikuwa na utepe mweusi. Akausugua.

"Ya volcan inakwaruzaka," akasema. "Iyi iko laini, iko na makaa. Iko ya jikoni, Maman. Bantu ndio baliiweka kwa mikono."

Hapo Kamali alielewa kwamba ule ndio mpaka wa baba yake, na jembe likashuka juu ya vidole vile.

Mwalimu alitoka akitambaa, damu ikimtiririka hadi kiwikoni. Kamali akaanza kufukia. Nikarukia ndani. Nilijua shimo lile likijaa, nitazeeka nikiitwa mwongo.

"Toka, mwanamke."

"Fukia tu, shemeji."

Akafukia. Udongo ulinijaa mdomoni. Bapa la jembe lilinipasua kichwa, macho yakaingia giza. Pigo la pili likanitegua bega. Nilimchukia kwa moyo wote, na chuki ile ndiyo iliyonisimamisha wima.

Majirani walipomwangusha na kumkalia, udongo ulikuwa umenifika kwapani. Mzee Hakizimana, kiongozi wa kilima chetu, aliinama ashike mkono wangu mzima anivute.

"Usiniguse, Mzee," nikamwambia. "Balete kamba kwanza. Mupime shamba langu kuanzia hapa nilipo."