Ndama wa Madoa

Ko, ko. Leokadia alishtuka gizani akidhani mlango unabishwa. Kumbe ni kibuyu cha maziwa. Upepo wa alfajiri ulikuwa ukikigongesha ukutani.

Miezi kumi sasa tangu Masunga, mumewe, aende Mbalizi kutafuta kibarua. Barua yake ya mwisho Leokadia aliisoma mwenyewe, kwa herufi alizozipata kwenye kisomo cha jioni. Ilikuwa jibu la barua aliyomwandikia ndama alipozaliwa. Haikuuliza hali. Ilisema: "Bwana mifugo akija, yule ndama dume ahasiwe. Mama yake hana maziwa. Tutatafuta mbegu ya kizungu."

Jua lilipochomoza, Silvester, bwana mifugo, akafika na koleo lake la kuhasia.

"Mama Malimi, nishikie kamba."

"Ngoja kwanza, bwana mifugo." Leokadia akafungua daftari lake la ng'ombe. "Mama yake ndiye huyu Madoa. Mwaka wa njaa ng'ombe wa majirani walikwisha, yeye akazaa. Ugonjwa wa ndigana ukampata, akapona. Miaka minne, ndama wanne."

"Na maziwa je? Au tunakamua daftari?" Silvester akacheka. Akamfunga ndama mbali, kama wafanyavyo kwa ng'ombe wa kisasa, akachuchumaa kumkamua Madoa. Yakatoka matone matatu. "Umeona? Mkavu!"

"Wewe ungefichiwa mwanao, ungetoa?"

Leokadia akamfungua ndama. Akaja mbio, akakipiga kiwele kwa kichwa, akanyonya. Madoa akamlamba mgongo, akashusha pumzi. Hapo Leokadia akamsogeza ndama kidogo, akabana kibuyu magotini, maziwa yakalia ndani mpaka povu likafika shingoni.

Silvester akasogea karibu. Akapapasa nundu ya ndama, akatazama kwato.

"Hili ni dume la mbegu," akasema. "Lakini baba Malimi ameandika."

"Baba Malimi nitamjibu mimi."

Silvester alipokwenda zake bila kumhasi ndama, mbuga ikabaki kimya. Furaha ilimjaa Leokadia, na hapakuwa na mtu mzima wa kumgawia. Akakaa kizingitini, karatasi mapajani. *Mume wangu, sijakutii*, aliandika, kalamu ikasimama. Angeanzia wapi?

Mwanawe Malimi, povu la maziwa mdomoni, alikuwa amemkumbatia ndama shingoni.

"Mama," akasema, "baba hajamwona ndama wetu."

Leokadia akaanzia hapo.