Mshono wa Kuficha

Fundi cherehani aliwachukia wenzake wa chumba cha treni tangu alipofungua mlango. Kitanda cha chini, kilichoandikwa kwenye tiketi yake, kilikuwa kimekaliwa na mama mnene aliyekwisha kuvua viatu.

"Samahani, hapo ni pangu."

"Panda juu. Wageni mna maneno nyie!"

Mumewe, kwenye kitanda cha pili, akacheka. Fundi akapanda juu. Nchi ya watu asingeikanyaga kama si mdogo wake, ambaye saa tatu asubuhi angeingizwa chumba cha upasuaji na aliyeapa kwenye simu: "Dada, siingii mle mpaka nikuone."

Mhudumu wa behewa akaja kukusanya pasipoti, azitunze hadi asubuhi. Ndiyo kawaida yao.

"Yangu sikupi," fundi akasema.

"Ikipotea usinililie. Stesheni hutoki bila hiyo."

Mama mnene akaikodolea macho pasipoti ile mpaka ilipozama mkobani. Mwizi huyu, fundi akajisemea.

Taa zilipozimwa, akachomoa sindano isiyobanduka kwenye ukosi wake. Akafumua mto, mgumu kama tofali, akaisokomeza pasipoti katikati ya pamba, kisha akauziba kwa ule mshono wake wa kuficha, ambao wateja hugeuzageuza gauni wasione uzi ulikopita. Akalala fofofo, roho kwatu. Amewakomesha.

Kulipokucha akaenda kunawa uso. Aliporudi, akakuta godoro tupu.

"Mto wangu uko wapi?"

"Wako tangu lini?" mhudumu akamjibu. "Tukikaribia kufika nakusanya mito yote."

Ilikuwa mwisho wa korido, ya treni nzima, imerundikwa hadi darini. Fundi akaivamia. Akaminya, akapapasa, yote migumu, yote sawa.

"Niazime mkasi, kaka yangu, nakuomba. Pasipoti yangu imo ndani ya mto mmojawapo."

"Uchane mali ya treni? Thubutu!"

Treni ikasimama. Mama mnene akapita na mumewe, pasipoti zao mkononi. "Si uliambiwa uitoe?" akasema, wala hakusimama.

Saa tatu kasoro robo simu ikalia. "Dada, wameshakuja na kitanda. Uko wapi?"

Fundi akaibana simu begani. Akauinua mto mwingine kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua pindo kwa pindo akitafuta alipopitisha sindano. Alikuwa ameshona vizuri mno.